Socrates, Mzee wa Maswali

Hapo kale katika mji wa Athens, nchi ya Ugiriki, alikuwako mtu maskini aliyekwenda sokoni miguu mitupu, akiwauliza watu maswali. Jina lake Socrates. Alizaliwa yapata mwaka 470 kabla ya Kristo. Baba yake alikuwa fundi wa mawe, na mama yake mkunga. Mwenyewe alisema kuwa kazi yake ni kama ya mama yake, ila yeye huzalisha mawazo, si watoto.

Msidhani alikuwa mtu wa maneno tu. Alipigana vitani Potidaea, na huko alimwokoa kijana Alcibiades aliyejeruhiwa.

Vijana walimpenda. Walimfuata wakamsikiliza akiwauliza wakubwa wa mji maana ya haki na ya ushujaa. Wakubwa walijibu upesi, lakini baada ya maswali machache ilionekana kwamba hawakujua walichokisema. Vijana wakacheka, nao wakaanza kuwauliza watu vivyo hivyo. Hapo uadui ukazidi. Socrates hakupokea ada, wala hakuandika kitabu. Habari zake twazipata hasa kwa Plato na Xenophon.

Mwaka 404 K.K. mji ulishikwa na watawala thelathini wakali. Walimwamuru Socrates na wenzake wanne wamlete Leon wa Salamis ili auawe, naye hakuwa na kosa. Wale wanne walikwenda. Socrates alirudi nyumbani kwake, akijua aweza kufa kwa ukaidi huo.

Mwaka 399 K.K., akiwa na miaka 70 hivi, alishtakiwa kwamba haiheshimu miungu ya mji na kwamba anawaharibu vijana. Akahukumiwa kufa. Rafiki yake Crito alimtengenezea njia ya kutoroka gerezani, na fedha zilikuwa tayari. Socrates akakataa. Aliona kuwa amelelewa na sheria za Athens maisha yake yote, basi si haki azivunje siku zinapomwumiza. Akanywa sumu, na rafiki zake wakilia.

Jioni moja bwenini tulibishana sana juu ya jambo hili. Wengine walisema alijipinga mwenyewe, kwani alikaidi amri ya wale thelathini, kisha akatii hukumu iliyomwonea. Mimi naona hakujipinga. Amri ile ilimtaka amtendee mwingine uovu. Hukumu hii ilimtaka yeye mwenyewe auvumilie. Kutenda uovu alikataa, kutendewa alikubali.

Basi ndugu zangu, kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Lakini wale vijana waliuliza ili wacheke, na mzee wao aliuliza ili ajue. Kabla hatujamwuliza mwalimu au mzazi swali gumu, na tujiulize kwanza sisi tumo katika kundi lipi.