Arne Tiselius, Mswidi aliyefundisha dunia kutenganisha damu

Jamaa nyingi za Goma, Bukavu na Lubumbashi zimekutana na neno elektroforezi bila kujua linatoka wapi. Mtoto anaumwa viungo mara kwa mara, damu inampungukia, macho yanakuwa manjano, na daktari anashuku SS, ugonjwa ambao wengine wanauita drepanositozi. Anaandika karatasi ya laboratwari, na juu ya karatasi hiyo kuna neno hilo refu. Vijana wanaotaka kuoana nao wanashauriwa wapimwe, ili wajue kama wote wawili wanabeba alama ya ugonjwa huo. Kongo ni moja kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao, kwa hiyo neno hilo si la wataalamu peke yao.

Mtu aliyeifanya elektroforezi iwe kazi ya kutegemewa ni Arne Tiselius wa Uswidi, aliyefariki mwaka wa 1971. Katika taasisi aliyoiongoza ndimo pia walimofanyia kazi vijana waliotengeneza jeli ambayo bado inatumiwa kusafisha protini na dawa, jeli iliyolindwa kwa hati ya uvumbuzi, ile ambayo wengi kwetu wanaiita breve.

Arne Wilhelm Kaurin Tiselius alizaliwa Stockholm tarehe 10 Agosti 1902. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima na alikufa mwaka wa 1906, mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake, binti wa mchungaji wa Norwe, aliwachukua watoto akahamia Göteborg, walikokuwa ndugu wa marehemu mumewe. Shuleni kijana alipenda kemia na biolojia, na mwaka wa 1921 akaingia Chuo Kikuu cha Uppsala, kilicho kikongwe kuliko vyote katika nchi zile za kaskazini. Alichofuata huko kilikuwa mtu mmoja: Theodor Svedberg, bingwa wa kemia ya vitu vilivyotawanyika ndani ya maji. Mwaka wa 1925 Svedberg alimchukua kuwa msaidizi wake, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akapewa Tuzo ya Nobel.

Svedberg alikuwa anapima protini kwa kuzizungusha katika mashine yenye kasi ya ajabu. Kijana alipewa njia nyingine: umeme. Protini ndani ya maji hubeba chaji, nyingine nyingi, nyingine kidogo. Ukipitisha umeme, kila moja inasogea kwa mwendo wake. Wazo hilo halikuwa geni. Tatizo lilikuwa kwamba umeme unapasha maji moto, maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, na kila kilichoanza kutengana kinachanganyikana tena. Tiselius aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya njia hiyo mwaka wa 1930, watu wakaisifu, lakini mwenyewe hakuridhika. Aliona kwamba vipimo vyake havitoshi, akaiacha kazi hiyo kwa miaka kadhaa na kushughulikia jambo lingine kabisa, jinsi maji na gesi zinavyopita ndani ya mawe yenye vitundu yanayoitwa zeoliti. Kwa mtu ambaye baadaye alisifiwa kwa elektroforezi, miaka ile inaonekana kama kupotea njia. Lakini mawe yale yalimfundisha namna kitu chenye vitundu kinavyoweza kuchagua nani aingie na nani abaki nje, na fikra hiyo ilirudi Uppsala kwa sura nyingine miaka zaidi ya 20 baadaye.

Mwaka wa 1934 alikwenda Princeton, Marekani, kwa msaada wa Shirika la Rockefeller. Huko alikutana na watafiti wa viumbe waliokuwa na njaa ya njia nzuri ya kutenganisha protini, na akarudi nyumbani akiwa na nia ya kuijenga upya mashine yake. Aliibadilisha karibu kila sehemu. Bomba la mviringo aliliacha, akaweka vyumba vya kioo vyenye pembe nne, vyembamba, ili joto litoke haraka. Chombo kizima alikizamisha katika maji ya baridi, karibu na digrii 4, kwa sababu katika baridi hiyo maji hayabadiliki sana uzito hata yakipata joto kidogo. Na ili kuona protini ambazo hazina rangi, alitumia mwanga uliopindwa na lenzi, kila mpaka kati ya protini moja na nyingine ukatokea kama kivuli. Mashine nzima ilikuwa na urefu wa karibu mita 6. Ilijaza chumba.

Alipoweka ndani yake majimaji ya damu, yale yanayobaki juu damu ikiganda, aliona makundi manne: albumini, na nyuma yake globulini za aina tatu. Hizo tatu alizipa majina ya herufi za Kigiriki, alfa, beta na gama, na majina hayo hayajabadilika hadi leo. Makala yake ya mwaka wa 1937 jarida moja la kemia ya viumbe liliikataa, eti ina fizikia mno, ikachapishwa na chama cha Faraday huko Uingereza. Ndani yake alieleza mashine yote, na maabara nyingine zikaanza kujenga za kwao.

Matunda yalionekana upesi. Mmarekani kijana, Elvin Kabat, alifika Uppsala, na pamoja na Tiselius wakachukua majimaji ya damu ya wanyama waliochanjwa. Walipoondoa viini vya kinga ndani yake, kilima cha gama kikapungua. Hivyo, kufikia mwaka wa 1939, ilijulikana kwamba askari wa damu wengi wamo katika kundi la gama. Mwaka wa 1938 Tiselius alikuwa ameshapewa kiti cha uprofesa wa kemia ya viumbe, kilichoanzishwa kwa pesa za Herbert Jacobsson na mke wake Karin Broström. Mwaka wa 1948 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikuwa yake peke yake.

Mwaka mmoja tu baadaye ilitoka kazi inayowahusu wazazi wa Kongo moja kwa moja. Linus Pauling na wenzake watatu huko California, wakitumia mashine ya aina ya Tiselius, walilinganisha hemoglobini ya watu wazima na ile ya wagonjwa wa SS. Zilisogea kwa mwendo tofauti. Kwa watu wenye alama tu, wasio wagonjwa, zilionekana zote mbili pamoja. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulielezwa kuwa ni kosa ndani ya molekuli moja. Kipimo kinachofanyika leo kinafuata kanuni ileile, isipokuwa mashine ya mita 6 imebaki historia. Siku hizi tone la damu linawekwa juu ya jeli au karatasi maalumu, na jeli moja inayotumiwa sana, agarozi, iliingizwa katika kazi hii na mwanafunzi wa Tiselius, Stellan Hjertén, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Habari ya jeli ilianzia mbali na hospitali, kwenye kiwanda cha sukari. Wakati wa vita vya pili vya dunia, watengenezaji wa sukari ya viazisukari huko Uswidi walisumbuliwa na utelezi uliokuwa unaharibu maji ya sukari. Sampuli ikafika Uppsala. Björn Ingelman, aliyefanya kazi chini ya Tiselius, alichunguza utelezi huo, nao ni dekstrani, nyuzi ndefu za sukari zinazotengenezwa na bakteria. Yeye na Anders Grönwall wakagundua kwamba dekstrani ikikatwa vipande vya kiasi inaweza kuwekwa katika mishipa ya mtu aliyepoteza damu nyingi, badala ya plazma. Kampuni ya dawa ya Pharmacia ilichukua bidhaa hiyo, na baadaye ikahamia Uppsala, karibu na wale waliojua siri zake.

Kisha wakaja Jerker Porath wa chuo kikuu na Per Flodin, aliyekuwa amehamia Pharmacia. Walikuwa wanatafuta kitu kizuri cha kujaza mabomba ya elektroforezi ili maji yasichanganyike. Nyuzi za dekstrani zinayeyuka katika maji, hazifai. Lakini zikifungwa moja kwa nyingine kwa kemikali iitwayo epiklorohidrini, zinakuwa kama wavu wa wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu: fundo hapa, fundo pale, na uzi hauwezi tena kwenda zake. Wavu huo hauyeyuki, unavimba tu na kuwa jeli. Mafundo yakiwa mengi, matundu yanakuwa madogo. Yakiwa machache, matundu yanakuwa makubwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba jeli hiyo ilitenganisha vitu hata bila umeme. Mama anayechekecha unga wa muhogo anajua kwamba vidogo ndivyo vinavyopita kwanza na vikubwa vinabaki. Hapa ni kinyume. Molekuli kubwa haziwezi kuingia katika matundu ya punje, zinapita pembeni na kutoka mapema. Ndogo zinaingia, zinazunguka, zinachelewa. Chumvi inaachana na protini kwa muda mfupi, bila moto wala asidi, na protini inatoka nzima. Mwaka wa 1959 wawili hao walitangaza njia hiyo katika jarida la Nature, na Pharmacia ikaanza kuuza jeli kwa jina la Sephadex.

Hapo ndipo swali la breve linapokuwa zito. Mchunguzi wa hati za uvumbuzi hatazami kama kitu ni kizuri. Anauliza kama ni kipya, kama mtu mwenye ujuzi wa kazi ile asingeweza kukifikia kwa urahisi, na kama kimeelezwa vya kutosha ili mwingine aweze kukitengeneza. Kwa jeli ya Uppsala swali la kwanza halikuwa jepesi, kwa sababu huko London Grant Lathe na Colin Ruthven walikuwa wameshaonyesha, katikati ya miaka ya 1950, kwamba bomba lililojaa wanga uliovimba linatenganisha molekuli kwa ukubwa wake. Wazo la kutenganisha kwa ukubwa, basi, lilikuwa tayari mezani pa watu wote. Kilichokuwa kipya ni punje zenyewe: nyuzi zilizofungwa kwa makusudi, zisizo na chaji, zisizoyeyuka, na zenye matundu ambayo mtengenezaji anayapanga. Wanga wa mahindi au wa viazi haumpi mtu uhuru huo. Unachukua kama ulivyoumbwa.

Marekani ilitoa hati namba 3,002,823 tarehe 3 Oktoba 1961, kwa majina ya Flodin na Porath. Jina la Tiselius halimo, na halikupaswa kuwamo. Sheria inamtaja aliyebuni, haimtaji mwenye taasisi wala mwalimu aliyefungua mlango. Wakubwa wengi wa maabara, huko na kwingineko, wamelisahau hilo na kujiandika juu ya kazi za vijana wao.

Mashine ya 1937, ambayo ramani yake ilichapishwa wazi, iliwafikia wanasayansi wa nchi nyingi kwa haraka. Jeli ya 1959 iliwafikia kwa kununua. Wapo wanaoona kwamba ya kwanza ndiyo roho ya kweli ya chuo kikuu. Hata hivyo punje zinazofanana, mkebe baada ya mkebe, mwaka baada ya mwaka, si kazi ya meza ya profesa. Ilihitajika kampuni, na kampuni ilihitaji ulinzi wa kuweka pesa zake. Insulini iliyosafishwa vizuri zaidi ni moja ya faida zilizotokana na jeli za aina hiyo.

Tiselius mwenyewe alizidi kuvutwa na kazi za mikutano. Aliongoza baraza la utafiti la nchi yake kati ya 1946 na 1950, kisha umoja wa kimataifa wa wanakemia, na kuanzia 1960 hadi 1964 alikuwa rais wa Shirika la Nobel. Alianza kuhangaishwa na namna sayansi inavyotumiwa. Mwaka wa 1969 alikuwa mmoja wa waliokusanya Stockholm wanasayansi na wanafikra wazungumzie nafasi ya maadili katika dunia ya ukweli wa kisayansi. Wanaomkumbuka wanamtaja kuwa mtu wa sauti ya chini, mpenda ndege na maua ya porini, aliyetoka mashambani na wanawe na kamera mkononi.

Moyo wake ulichoka mapema. Alifariki tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na miaka 69. Hati za Marekani za wakati ule zilidumu miaka 17, kwa hiyo ile ya Flodin na Porath iliisha mwaka wa 1978, na kuanzia hapo njia iliyoandikwa ndani yake ikawa ya kila mtu.