Robert Kazadi, gardien ambaye Lubumbashi ilimusikia kwa redio

Tarehe 18 mwezi wa sita 1974, kule Gelsenkirchen, Ujerumani, mechi ilikuwa na dakika 21 tu. Zaire ilikuwa imekwisha kufungwa 3-0 na Yugoslavia. Kocha akainuka, akamutoa gardien. Hakuwa ameumia, hakuwa amepewa kadi. Alitolewa tu, mbele ya dunia nzima, akaenda kukaa kwa benchi. Huyo gardien alikuwa Robert Kazadi wa TP Mazembe, mutu ambaye miezi mitatu tu mbele ya hapo alikuwa amenyanyua kombe la Afrika kwa mara ya pili.

Mechi iliisha 9-0. Leo kijana wa Katuba ao wa Ruashi akitafuta jina la Kazadi kwa telefone yake, kitu anakutana nacho mbele ni ile tisa. Na hesabu yenyewe hawaifanyi muzuri: magoli tatu njo yake, sita yaliingia wakati yeye amekaa inje. Hii tisa imekula miaka yake yote mingine. Basi tuanze na hiyo mingine.

Kazadi alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu 1947. Wakati alianza kujulikana golini, muji wetu ulikuwa umetoka tu kubadilishwa jina, toka Élisabethville kuwa Lubumbashi, mwaka 1966. Ekipe nayo haikuitwa bado Mazembe. Ilianzishwa 1939 na mapadri Wabenedikto, ikabadilisha majina, mwisho ikabeba Englebert, jina la kampuni ya Wabelgiji iliyotengeneza mipira ya magari. Msimu wa 1966 walichukua makombe bila kupigwa, ndipo wakaongeza Tout Puissant, wenye nguvu zote. Wafuasi wa Lupopo watanisamehe, lakini mwaka ule jina lilistahili.

Mwaka 1967 Englebert walifika fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika, mbele yao Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi 1-1, Kinshasa 2-2. Hakukuwa bado na mambo ya kupiga penalite kama leo. Refa alitaka kupigisha kura, Kotoko wakakataa. CAF ikaamua mechi irudiliwe Yaoundé, Kameruni. Englebert wakafika, Kotoko hawakuonekana, kwani shirikisho lao la Ghana lilipata barua lakini halikuwaambia kwa wakati. Kombe likakuja Katanga. Wako wanaosema mpaka leo kwamba lilikuwa kombe la bure. Jibu lilikuja msimu uliofuata: fainali ya 1968 na Étoile Filante ya Lomé, 5-0 Kinshasa, kisha wakaenda Togo wakapigwa 4-1, lakini kwa jumla 6-4, kombe tena. Kushinda mara mbili mfululizo, hakuna ekipe ingine Afrika ilirudilia kazi hiyo mpaka Enyimba ya Nigeria, 2003 na 2004. Miaka karibu 35!

Sasa angalia kitu kimoja. Zile fainali za nyumbani hazikuchezwa hapa kwetu. Zilichezwa Kinshasa, zaidi ya kilometa 1500 kwa ndege. Mutu wa Kamalondo, wa Kenya, mufanyakazi wa kiwanda, hakuwa na njia ya kwenda kule. Kwa hiyo ukiuliza wazee namna gani waliona Kazadi akiruka usiku wa fainali, wengi hawakuona. Walisikia. Waliketi kuzunguka redio moja ya jirani, sauti inakuja na kupotea, na kila mara mupira ulikaribia goli la Englebert, watu walinyamaza wakingoja kama jina litatajwa. Jina lake likitajwa kisha ule mupira, ilikuwa habari njema. Ikitajwa jina la mutu wa ekipe ingine, batu banashika kichwa. Kwa sisi watu wa redio, huyu ni mutu wetu kabisa.

Ligi za hapa muji walimuona kwa macho, hiyo ni kweli. Lakini heshima kubwa yote ilipita kwa masikio.

Katikati ya yale makombe mawili ya klabu, mwanzo wa 1968, ekipe ya taifa ilienda Ethiopia kucheza kombe la Afrika. Kocha alikuwa Ferenc Csanádi, Muhungaria. Ghana walikuwa wamechukua makombe mawili yaliyotangulia, ya 1963 na 1965, na katika kundi waliipiga Kongo 2-1. Kongo ikapita hata hivyo, ikatoa wenyeji Ethiopia 3-2 kwa muda wa kuongezwa, ikakutana tena na Ghana fainali, Addis Ababa, tarehe 21 mwezi wa kwanza. Goli lilikuwa moja tu, la Pierre Kalala, muchezaji wa Englebert. Moja inatosha wakati nyuma hakuna kitu kinapita. Kazadi alichaguliwa muchezaji bora wa mashindano yote. Alikuwa na miaka 20. Gardien, miaka 20, bora kupita washambulizi wote wa Afrika! Kama ingekuwa leo, tungekuwa na picha zake kwa kila T-shirt ya soko.

Englebert walicheza fainali mbili zingine, mfululizo, 1969 na 1970, na zote walipoteza. Ya kwanza na Ismaily ya Misri. Ya pili na Kotoko walewale, walirudi na hasira ya Yaoundé: 1-1 Kumasi, kisha wakatupiga 2-1 Kinshasa. Golini mwa Kotoko alikuwa gardien mwingine mwenye jina Robert, Robert Mensah. Afrika ilikuwa na ma-Robert wawili. Yule wa Ghana aliuawa mwezi wa kumi na moja 1971, kwa kuchomwa na chupa kwenye ugomvi, Tema. Wa kwetu akaendelea.

Lakini akaendelea bila Robert. Mobutu alipoleta mambo ya authenticité, inchi ikawa Zaïre, majina ya Kikristo yakakatazwa 1972, Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba. Englebert nayo ikawa Mazembe. Ndiyo sababu ukisoma karatasi za kombe la dunia utaona jina moja, ukiongea na wazee utasikia lingine, na vijana wanafikiri ni watu wawili.

Mwaka 1973 ulikuwa wa watu wa Lubumbashi. Gazeti la France Football, katika kura ya muchezaji bora wa Afrika, lilimuweka wa kwanza Bwanga Tshimen, beki wa Mazembe. Wa pili Kazadi. Watu wawili wa ukuta mmoja, mbele ya Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire aliyekuwa anafunga magoli kama kuvuna mahindi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule, Zaire ilipiga Morocco 3-0 Kinshasa na kupata tiketi ya Ujerumani, inchi ya kwanza ya Afrika Weusi kwenda kombe la dunia. Mobutu aliwaahidi na kuwapa: nyumba, magari.

Mwezi wa tatu 1974, Misri. Kazadi alitimiza miaka 27 katikati ya mashindano. Nusu fainali, Cairo, Misri wakaongoza 2-0, Zaire ikarudi na kushinda 3-2. Fainali na majirani zetu wa Zambia ilienda 2-2, ikarudiliwa kisha siku mbili, 2-0. Ndaye Mulamba njo alichukua sifa, na magoli yake tisa, na hakuna wa kumukatalia.

Halafu Ujerumani. Mechi ya kwanza, Scotland 2-0, na goli la pili, kichwa cha Joe Jordan, lilipita mikononi mwa Kazadi. Lilikuwa kosa lake, tusifiche. Kisha hiyo mechi, wachezaji wakajua kwamba pesa walizoahidiwa zimeliwa njiani na wakubwa. Wenyewe wamesimulia kwamba nusura wakatae kucheza na Yugoslavia. Waliingia uwanjani miguu mizito. Dakika ya 8, ya 14, ya 18: tatu. Kocha Blagoje Vidinić, Muyugoslavia, na mwenyewe zamani gardien, akamuingiza Tubilandu wa Vita Club. Kisha dakika moja tu, ya nne. Habari iliyozunguka baadaye ni kwamba agizo la kumutoa Kazadi lilitoka kwa mutu wa wizara. Hapa kwetu wako ambao bado wanamusema Tubilandu vibaya. Mimi naona ni kumuonea: kijana anatolewa baridi kwa benchi, mbele yake ukuta umekwisha kuanguka, na ule ukuta ulikuwa wa Mazembe pia, Mwepu, Mwanza, Bwanga.

Mechi ya mwisho ilikuwa Brazil. Wachezaji walisimulia kwamba watu wa Mobutu waliwatisha: wakifungwa magoli kupita tatu, kurudi nyumbani kutakuwa mubaya. Na Vidinić alimurudisha nani golini? Kazadi. Mpaka dakika ya 79 ilikuwa 2-0. Hapo Valdomiro akapiga mupira toka pembeni, si mukali sana, ukapita chini ya Kazadi. 3-0. Lile goli liliwavusha Brazil na kuwatoa Scotland, ambao hawakupoteza hata mechi moja. Lakini ya nne haikuingia.

Kwa jumla magoli 14. Kazadi alifungwa 8, kwa mechi tatu, ambazo mbili alizimaliza.

Alifariki 1998, mwaka ambao vita ya pili ilianza na inchi ilikuwa na vilio vingine. Kidiaba tunamuona kila siku kwa video, anacheza kwa matako kule Abu Dhabi 2010. Kazadi video inayozunguka ni ya Ujerumani tu, ya rangi, muzuri sana, dakika 21 za aibu. Addis Ababa na zile fainali za Englebert zimebaki kwa watu waliokaa karibu na redio, na hao wanapungua. Kama kwenu kuna muzee aliyezisikia, ao picha ya Englebert ya miaka ile imewekwa kwenye valizi, pita kwa studio. Tutamurekodi kwa saa anayopenda yeye, hata kama ni kisha misa ya asubuhi.