Gandhi: Mpigania uhuru aliyesaka mizani ya mlo kwa kujinyima viungo

WENGI humkumbuka Mohandas Karamchand Gandhi kwa mapambano yasiyo ya fujo yaliyochangia India kujinyakulia uhuru mwaka 1947. Ni wachache wajuao kwamba kwa zaidi ya nusu karne mwanasheria huyo alikuwa na vita vingine, vya sahani yake mwenyewe, na kwamba vita hivyo vilikaribia kumtoa uhai.

Gandhi alizaliwa Oktoba 2, 1869 mjini Porbandar, katika eneo la Gujarat, kwa wazazi Wahindu wasiokula nyama. Katika jamii hiyo viungo havikuwa vya kunogesha mchuzi tu, bali vilihesabiwa pia kuwa dawa.

Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hufunza kwamba mwili huendeshwa na nguvu tatu: vata, inayofananishwa na upepo, pitta, inayofananishwa na moto na nyongo, na kapha, inayofananishwa na maji na belghamu. Siha ni mizani ya nguvu hizo. Tangawizi, pilipili manga na bizari nyembamba huaminiwa kuchochea moto wa tumbo na kupunguza kapha, lakini zikizidi hupandisha pitta. Giligilani na samli huaminiwa kutuliza joto hilo. Nafaka za jamii ya kunde husemwa kuongeza upepo, ndiposa huungwa kwa mvuje. Aidha, mafunzo hayo hayampi kila mtu sahani ile ile. Umri, msimu na maumbile ya mlaji huzingatiwa.

Yapo pia mapokeo mengine ya Kihindu, yanayopatikana katika Bhagavad Gita, yagawayo vyakula kwa athari zake kwa nafsi. Vyakula vikali, vichungu, vichachu na vya chumvi nyingi huhesabiwa kuwa huamsha tamaa na kuvuruga utulivu. Mkondo huu wa pili ndio uliomteka Gandhi.

Mwaka 1888 alisafiri hadi London kusomea sheria, akiwa amemwapia mama yake, Putlibai, kwamba hatagusa nyama wala pombe. Alishinda njaa hadi alipogundua mkahawa wa wasiokula nyama. Huko ndiko alikoacha vitamutamu na viungo alivyotumiwa kutoka nyumbani, akaizoea mboga iliyochemshwa bila chochote. Aliamua kwamba ladha hukaa akilini, si ulimini.

Mwaka 1893 alielekea Afrika Kusini kwa meli iliyotia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Huko alikokwenda, majaribio yake yalishika kasi. Mkewe, Kasturba, alipougua na kutokwa damu mara kwa mara, Gandhi alimshauri aache chumvi na kunde. Mama huyo alimjibu kwamba hata yeye mwenyewe asingeweza. Papo hapo Gandhi akaapa kuviacha kwa mwaka mzima, naye Kasturba akabaki akilia kwa majuto. Mnamo 1912, katika shamba la Tolstoy karibu na Johannesburg, aliacha maziwa pia. Kwa muda akawa anaishi kwa njugu karanga, ndizi, tende, ndimu na mafuta ya zeituni.

Mwaka 1915, akiwa amerejea India, aliapa kutokula zaidi ya vitu vitano kwa siku. Kila kiungo kilihesabiwa.

Mwili ulidai haki yake mwaka 1918 katika wilaya ya Kheda. Alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akakataa dawa, akadhoofika hadi akaamini kwamba anakufa. Daktari alimweleza kuwa bila maziwa hangepata nguvu. Ni Kasturba, aliyekuwa ametii miiko mingi ya mumewe, aliyempa njia ya kutokea: kiapo kilikusudia maziwa ya ng'ombe na nyati, hivyo ya mbuzi yangeruhusiwa. Gandhi alikubali kwa sababu alitaka kuishi na kuendeleza harakati. Hata hivyo, dhamiri ilimsuta kwa muda mrefu, kwani alijua amekiokoa kiapo kwa maneno tu.

Mtu huyo aliyewahi kujinyima chumvi ndiye aliyeongoza matembezi ya kilomita zaidi ya 380 hadi Dandi mwaka 1930, kupinga sheria ya Waingereza iliyowanyima maskini haki ya kujitengenezea chumvi. Alitofautisha kujinyima kwa hiari na kunyimwa kwa nguvu.

Alipofungwa katika kasri la Aga Khan mjini Poona mwaka 1942, aliandika kitabu kidogo kuhusu siha. Alishikilia kwamba viungo vya kuridhisha ulimi havihitajiki mwilini. Kuhusu maziwa, alikiri kwamba tajriba ilikuwa imemshinda. Kasturba alifia kizuizini humo Februari 1944, baada ya kuhudumiwa pia na mganga wa Ayurveda.

Gandhi aliuawa kwa risasi mjini Delhi Januari 30, 1948, akiwa na umri wa miaka 78. Hadi mwisho wa maisha yake, maziwa ya mbuzi yalikuwa sehemu ya mlo wake.