Mbaraka Mwinshehe: mtunzi tuliyemgeuza kuwa "wimbo wa asili"

Mimi niko Mlimba, huku juu kabisa ya bonde la Kilombero, na kazi yangu ni muziki wa kukodisha. Nina spika nne, jenereta na dumu la mafuta ya akiba. Harusi, kipaimara, ngoma ya kutoa mwali, mkiniita nipo.

Mwaka jana mwezi wa tisa niliitwa kwenye mahafali ya darasa la saba, shule moja ya huku kwetu. Siku hiyo hiyo kulikuwa na harambee ya madawati, maana ndio utaratibu wetu, mzazi akishafurahi ndio mfuko unafunguka. Wanafunzi wakatoa maonyesho yao. Ikaanza ngoma ya sangula, likafuata shairi, kisha wakasimama wasichana wanane wakaimba bila ala yoyote, makofi tu. Walichoimba ni Shida, wa Mbaraka Mwinshehe.

Jamani, kina mama walisimama. Noti zikaanza kushuka mezani, na kuna mzee aliahidi debe sita za mpunga papo hapo. Baadaye nikamfuata mwalimu aliyewafundisha, nikamuuliza wimbo kautoa wapi. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba, mzee wangu, ule ni wimbo wa asili, bibi yake alikuwa akiuimba shambani. Nikaangalia karatasi ya ratiba, kweli, wameandika wimbo wa asili. Mtunzi hakuna.

Tangu siku ile jambo hili linanikereketa. Mkoa wetu ni Morogoro, na Mbaraka ni mtu wa Morogoro kimuziki kuliko mtu yeyote. Kama sisi tumemsahau, nani atamkumbuka? Basi kwa vijana ambao hawakumjua, ngoja niwasimulie.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944. Mwaka huo huo ndio ilianzishwa Morogoro Jazz, bendi ambayo yeye mwenyewe alikuja kuifanya ijulikane Afrika Mashariki nzima. Morogoro ya enzi hizo ilikuwa mji wa reli na mashamba ya mkonge. Watu walitoka makabila mbalimbali kuja kutafuta kibarua, na jioni wanataka pa kuchezea. Ndio maana mji mdogo kama ule uliweza kubeba bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja, Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah.

Salum Abdallah ndiye alikuwa mfalme wa mji. Mwaka 1965 akafa kwa ajali ya gari, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Ni katika miaka hiyo hiyo ya katikati ya 60 kijana Mbaraka, umri kama miaka 20, anaingia Morogoro Jazz. Alipiga gitaa la solo, akaimba, akatunga. Yaani mtu mmoja unafanya kazi za watu watatu. Kabla miaka ya 60 haijaisha, ukitaja Morogoro Jazz watu wanasikia Mbaraka.

Sasa, alikuwa na nini ambacho wengine hawakuwa nacho? Mimi ninayepiga muziki wake kwenye shughuli naweza kuwaambia ninachokiona. Kwanza ni maneno. Mbaraka alitunga Kiswahili ambacho bibi wa Mlimba na karani wa Nairobi wote wanakielewa bila kutafsiriwa. Dhiki, pesa, mapenzi yaliyovunjika, masimango ya ndani ya nyumba, ndio mambo yake. Pili ni gitaa. Lake halina haraka, linamsubiri mwimbaji amalize, kisha linajibu. Ndio maana wale wasichana waliweza kuuimba wimbo bila gitaa na bado ukasimama.

Tatu, alikuwa anatunga habari. Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi huko Isimani na mkulima, Saidi Mwamwindi, wakati wa vuguvugu la vijiji vya ujamaa. Iringa ni jirani zetu, ukisimama Mlimba milima yao unaiona. Mbaraka akatunga wimbo wa maombolezo, na watu wengi vijijini wanaijua habari ile kwa wimbo kuliko kwa gazeti.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilichaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70, mjini Osaka, Japani. Hebu fikiria, nchi haijafikisha hata miaka kumi ya uhuru, na inayoenda kuonyesha sura yake kwa dunia ni bendi ya Morogoro. Waliporudi, safari yenyewe ikawa wimbo.

Huku kwetu miaka hiyo ndio TAZARA inajengwa. Novemba 1971 reli ilifika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam, na mbele yake mlima wa kwenda Makambako wenye madaraja na mahandaki. Marehemu baba aliajiriwa karakana ya vichwa vya treni hapa hapa, na mshahara wake wa mwanzo mwanzo alinunua redio. Kwa hiyo mimi nimezaliwa nikimkuta Mbaraka ndani ya nyumba, kama ndugu aliyetangulia.

Twende kwenye jambo ambalo vijana wengi hawalijui, nalo ndilo kubwa. Enzi hizo bendi nyingi hazikuwa mali ya wanamuziki. Kulikuwa na bendi za vilabu, halafu zikaja za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, polisi walikuwa na yao, jeshi lina yake, kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kina yake. Vyombo ni vya mwajiri. Ukiondoka, unaondoka na vidole vyako tu. Ilikuwa na uzuri wake, mshahara wa mwisho wa mwezi unaupata. Lakini wewe mtunzi si bosi wa kitu.

Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka Morogoro Jazz, bendi iliyomtoa na aliyoitoa, akaanzisha ya kwake, Super Volcano, na mtindo wao wakauita Masika. Sisi watu wa bonde tunajua masika ni nini, ikija haikuulizi kama umejiandaa. Kuacha nafasi ya namba moja ukaanze upya na bendi changa, wakati wenzako wanakimbilia kwenye taasisi, si jambo dogo. Ndio maana mimi namwita mtunzi huru, hata kabla neno hilo halijawa la kujisifia.

Ila uhuru huo ulikuwa na ukuta wake. Bara hatukuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilikuwa inarekodi bendi studio kwake na kuzipiga hewani, na ndiko umaarufu ulikotoka, lakini mkanda ulibaki wa redio. Ukitaka wimbo wako uuzwe dukani, sharti uvuke mpaka uende Nairobi. Mbaraka alirekodi huko, kazi zake zikatolewa na Polygram ya Kenya. Zilikuwa santuri ndogo za mizunguko 45, upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika nne tano, kwa hiyo wimbo unakatwa katikati. Unasikiliza sehemu ya kwanza, unainuka, unageuza, ndio unamalizia. Baba alikuwa na utani wake kwamba mtu mvivu hawezi kumjua Mbaraka vizuri.

Shida ilitoka kipindi hiki cha Super Volcano, na Kenya iliuzwa vibaya sana. Mpaka leo kuna Wakenya wanaokubishia kwamba Mbaraka ni wa kwao.

Kisha siasa zikaingia. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ona hali ya mtunzi huyu: anakotoka ni upande huu, santuri zake zinakotengenezwa na kuuzwa zaidi ni upande ule, na katikati kuna lango limefungwa.

Tarehe 13 Januari 1979 Mbaraka alifariki Mombasa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Ajali kama ile iliyomchukua Salum Abdallah, miaka 14 baada yake. Morogoro ilitoa mafahari wawili, barabara ikawachukua wote.

Nilikuwa darasa la pili. Nchi ilikuwa vitani, vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa Oktoba 1978, na redioni ni nyimbo za kuhamasisha wanajeshi tu. Baba alirudi kutoka karakana na ovaroli yake, akakaa kwenye kigoda, hakula. Mama ndiye aliyetuambia kwamba Mbaraka amekufa. Kaka yangu aliuliza ni Mbaraka wa nyumba ipi. Ndivyo alivyokuwa, kama mtu wa mtaani.

Baada ya hapo biashara haikusimama. Polygram ilitoa mfululizo wa Ukumbusho, nyimbo zake zimekusanywa juzuu baada ya juzuu, zikauzwa kwenye santuri na kanda. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ikatoa CD yenye jina la Masimango, ya enzi za Morogoro Jazz. Kwa hiyo marehemu ameendelea kutoa kazi kuliko wengi walio hai! Kazi ya chini ya miaka 15 imekula miaka zaidi ya 40 na bado inakula.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya ratiba. Kuna watakaosema, kwani ubaya uko wapi, wimbo ukiitwa wa asili si ndio heshima ya mwisho? Umeingia kwenye damu ya watu, umekuwa wa wote. Nakubali nusu. Kwa kina mama wanaopalilia, ni heshima. Lakini wimbo wa asili hauna mwenyewe, na usio na mwenyewe haulipiwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ile iliyounda COSOTA, inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Piga hesabu. Kwa Mbaraka miaka hiyo 50 inatimia 2029. Mpaka hapo Shida ina wenyewe, nao ni warithi wake. Kila tunapoandika wimbo wa asili, tunawafuta.

Na msidhani nawanyooshea wengine kidole. Mimi huyu nimekodisha muziki karibu miaka 20. Nikitaka uwanja uchangamke saa za jioni, wazee wakiwa wameshakunywa togwa na vingine, naweka Mbaraka. Nimelipwa kwa kazi hiyo, nimesomesha watoto wawili, nimepaua nyumba bati. Kibali cha kupiga muziki hadharani sikuwahi kukata hata siku moja. Nilijiambia huku porini nani atakuja. Yule mwalimu alikosea kwa kutojua, mimi nilikuwa najua. Mwenye kosa kubwa hapo ni nani?

Kwa hiyo nimeamua mambo mawili. La kwanza, kibali nimeanza kukifuatilia, na gharama yake nitaiingiza kwenye bei, mteja akilalamika nitamweleza. La pili, nimemrudia mwalimu, tumekaa chini ya mwembe, nikamsimulia haya niliyowasimulia ninyi. Hakukasirika. Aliuliza tu kwa nini sisi tuliomjua marehemu tulikaa kimya siku zote hizo. Sikuwa na jibu.

Mahafali ya mwaka huu wasichana wengine wataimba tena, na madawati bado hayajatosha. Ratiba nimeshaiona. Imeandikwa kwa mkono: Shida, mtunzi Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, 1944 hadi 1979, Morogoro. Mwalimu amesema mtoto mmoja atalisoma jina hilo kwanza kwenye kipaza sauti, ndipo waimbe.

Kipaza sauti nitakileta mimi, bure.

Wadau wa Ifakara, Mang'ula, Kidatu na Moro mjini, kwenye shule zenu je, watoto wanaambiwa wimbo ni wa nani? Naomba kuwasilisha.