Erik Widmark: Mswidi aliyezipa mahakama hesabu ya ulevi

KABLA ya miaka ya 1920, dereva aliyeshukiwa kulewa nchini Sweden alipimwa kwa macho na pua. Daktari alinusa pumzi yake, akamtazama akitembea, akasikiliza iwapo ulimi umekuwa mzito, kisha akakata shauri. Mgonjwa aliyeyumba aliweza kuponzwa na maradhi yake, huku mnywaji sugu akiponyoka.

Aliyebadilisha hali hiyo ni Erik Widmark, aliyezaliwa mwaka wa 1889 na baadaye kuwa profesa wa kemia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Lund.

Widmark hakuchunguza pombe pekee. Utafiti wake mwingine ulihusu asetoni, jinsi inavyosambaa katika damu, mkojo na pumzi. Mwaka wa 1924, yeye na mwenzake Tandberg walionyesha kwa hesabu namna dawa inayotolewa tena na tena inavyolimbikana mwilini. Elimu hiyo ilikuja kuitwa famakokinetiki baada ya kitabu cha Mjerumani Dost cha mwaka wa 1953, wakati Widmark alikuwa kaburini.

Mnamo 1922 alitangaza mbinu iliyohitaji matone machache tu ya damu ya kidoleni. Damu iliwekwa katika kikombe kidogo kilichoning’inia ndani ya chupa yenye dikromati na asidi ya salfuriki. Chupa ilipopashwa moto, pombe ilitoka kwa mvuke na kula sehemu ya dikromati. Iliyosalia ndiyo iliyofichua kiwango cha pombe.

Lakini kiwango hicho kilimaanisha chupa ngapi? Katika kitabu chake cha 1932, Widmark alieleza kuwa pombe hufuata maji ya mwili, wala haikai kwenye mafuta na mifupa. Kwa hivyo uzani wa mtu huzidishwa kwa takriban 0.68 akiwa mwanamume, au 0.55 akiwa mwanamke. Mwanamume wa kilo 70 mwenye gramu 0.8 za pombe kwa kila kilo ya damu ana takriban gramu 38 mwilini.

Dawa nyingi hupungua kwa nusu kila baada ya muda fulani. Pombe haifanyi hivyo. Ini huiondoa kwa kasi ile ile, yapata gramu 0.15 kwa saa katika kila kilo ya damu. Mtu huyo angehitaji zaidi ya saa tano kuimaliza.

Mahakama zilivutiwa, kwani ziliweza kuhesabu kurudi nyuma hadi saa ya ajali. Hapo pana mtego: iwapo pombe ilikuwa bado tumboni dereva alipokuwa usukani, hesabu humwonyesha mlevi kuliko alivyokuwa. Isitoshe, viwango hivyo ni vya wastani.

Sweden iliruhusu kuwapima washukiwa damu kwa lazima mwaka wa 1934, na 1941 ikaweka kikomo cha gramu 0.8. Widmark alifariki mwaka wa 1945. Kikomo hicho kilishushwa hadi 0.2 mnamo 1990.