Émile Francqui: mtu wa leta, mtu wa banki, mtu wa fondasyo

Wazee wetu waliosoma jiografia wakati wa mkoloni, ukiwatajia Ilebo kule Kasai, bado wanakujibu Port-Francqui. Ni pale ambapo reli ya kutoka Katanga inakutana na mto Kasai. Kuanzia mwaka 1928 shaba ilishuka pale kwa treni, ikapakiwa kwenye meli za mtoni mpaka Léopoldville. Jina la zamani liliondolewa wakati wa Mobutu. Vijana wengi hawajui Francqui alikuwa nani, na labda wengine watauliza mambo ya Kasai yanatuhusu nini sisi wa Uvira, Fizi na Bonde la Ruzizi.

Yanatuhusu. Kila mara sosyete ya madini inapokuja Kivu ya Kusini, inafungua fondasyo yake, inajenga madarasa mawili na kituo cha afya, inaweka bango lenye jina lake, sisi tunaona ni jambo jipya. Kumbe njia hiyo ina miaka mingi, na mmoja wa waliofyeka pori ili ipite ni mtu huyu.

Émile Francqui alizaliwa Brussels tarehe 25 Juni 1863. Alisoma shule ya kijeshi, akawa ofisa, na katika miaka ya 1880 akatumwa Kongo, wakati nchi yetu ilikuwa bado mali ya mfalme Léopold wa Pili peke yake. Kwa hiyo alianza kama mtu wa leta. Lakini safari iliyomjulisha kwa watu haikulipwa na leta. Ililipwa na sosyete, Compagnie du Katanga, iliyoundwa mwaka 1891 ili Wabelgiji wafike Katanga mbele ya Waingereza.

Safari hiyo inaitwa Bia-Francqui, kwa sababu mkubwa wake alikuwa kapiteni Lucien Bia na Francqui alikuwa wa pili. Kulikuwa na nyingine iliyotangulia, ya kapiteni Stairs, ambayo ilitokea Zanzibar, ikavuka ziwa letu Tanganyika, ikafika Bunkeya kwa mfalme Msiri. Msiri alikataa bendera, akapigwa risasi mwezi wa Desemba 1891. Bia na Francqui walipofika mwanzoni mwa 1892, walikuta nchi imevurugika na njaa imeingia. Wapagazi walikufa wengi, kwa njaa na kwa magonjwa. Majina yao hayakuandikwa mahali popote watu wanaposoma leo. Mwezi wa Agosti Bia naye akafa, na Francqui, akiwa na miaka 29, akashika uongozi.

Katika kundi lao alikuwemo mtaalamu wa mawe, Jules Cornet. Huyo ndiye aliyetazama milima ya Katanga na kuelewa kwamba shaba iliyomo ni nyingi kupita kiasi. Wenyeji walikuwa wanaichimba na kuiyeyusha tangu zamani sana, kwa hiyo neno kugundua tulitumie kwa uangalifu. Tuseme Cornet aliwaandikia Wabelgiji kile ambacho watu wa Katanga walikuwa wanakijua. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga.

Francqui alirudi Ulaya mwaka 1893. Baada ya muda Ubelgiji ikamtuma China kama konsuli, na pale alishughulika na mkataba wa reli ya kutoka Peking mpaka Hankow, ambao Wabelgiji waliupata mwaka 1898. Kule ndiko alikokutana na Mmarekani kijana, injinia wa migodi, jina lake Herbert Hoover. Waligombana juu ya migodi ya makaa ya mawe ya Kaiping na hawakuachana kwa uzuri. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba Hoover siku moja atakuwa rais wa Marekani. Tulikumbuke jina hilo, tutalikuta tena hapa chini.

Aliporudi kutoka China, Francqui aliacha kazi ya leta akaingia banki, na mwaka 1912 akawa mmoja wa wakurugenzi wa Société Générale de Belgique. Banki hiyo haikuwa ya kuwekea pesa tu. Ilikuwa na mkono ndani ya Union Minière ya shaba, ndani ya Forminière ya almasi, ndani ya BCK ya reli. Sosyete zote tatu zilizaliwa mwaka ule ule wa 1906. Mtu aliyekaa juu ya banki hiyo alikuwa amekaa juu ya nusu ya Kongo, hata kama hakurudi kuiona.

Kisha ikaja vita ya 1914. Wajerumani waliingia Ubelgiji, na nchi ile ndogo, ambayo chakula chake kikubwa kilitoka nje, ikabaki imefungwa pande zote. Watu kama milioni 7 walikuwa karibu na njaa. Ikaundwa kamati ya taifa ya misaada na chakula. Mwenye kiti chake alikuwa tajiri Ernest Solvay, lakini kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa Francqui. Nje ya nchi, aliyetafuta ngano na meli alikuwa nani? Herbert Hoover yule yule. Watu wawili waliogombana China walikubali kufanya kazi pamoja, na lazima niseme waliifanya kwa uwezo mkubwa. Meli zilishusha chakula Rotterdam, Uholanzi, mashua za mifereji zikakileta ndani, kamati za mitaa zikakigawa. Mwenye pesa alinunua, maskini alipewa bure, na faida ya kile kilichouzwa ndiyo iliyosaidia kumlisha maskini. Hapo Francqui alionyesha kwamba mtu wa banki anaweza kuendesha huruma kama anavyoendesha biashara, kwa daftari na hesabu.

Wakati huo huo huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu vita ilipoanza, Wajerumani waliishambulia pwani yetu karibu na Uvira na kuzamisha mitumbwi. Wiki iliyofuata wakapiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wa Lukuga. Baadaye askari wa Force Publique walipanda kwenda Tabora, wakaiteka Septemba 1916, na nyuma yao walitembea wapagazi wetu na mizigo kichwani. Wengi hawakurudi. Hakuna kamati iliyowafungulia daftari.

Vita ilipokwisha, makuta yalibaki katika kasha la misaada, na si kidogo. Hoover na Francqui wangeweza kuyaingiza kwenye hazina ya serikali, yakayeyuka katika madeni. Hawakufanya hivyo. Waliamua yasomeshe watu. Mwaka 1920 ikaundwa Fondation Universitaire ya kusaidia vyuo vikuu vya Ubelgiji na wanafunzi wasio na uwezo, na mwaka huo huo fondasyo nyingine ya kupeleka wanafunzi wa Ubelgiji Marekani na wa Marekani Ubelgiji. Mimi naona huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote aliyofanya. Chakula kinaliwa kinakwisha. Yeye alichukua mabaki ya chakula akayageuza kuwa kitu kinachozaa kila mwaka.

Leta ikamwita tena. Mwaka 1926 franga ya Ubelgiji ilikuwa inaanguka vibaya, kama sisi tulivyoiona zaire yetu ikianguka, ingawa kwao haikufika pale. Francqui akaingia serikalini kwa miezi michache tu. Katika miezi hiyo deni la leta lilipangwa upya, reli za taifa zikawekwa chini ya sosyete mpya, na ikatolewa pesa ya hesabu iliyoitwa belga. Franga ikasimama, yeye akarudi banki. Wengine walimsifu. Wengine waliona haifai mtu mmoja atoke banki aingie wizara, atoke wizara arudi banki, kana kwamba ni vyumba viwili vya nyumba yake.

Mwaka 1927 mfalme Albert alisema hadharani, huko Seraing, kwamba nchi isiyotunza sayansi itabaki nyuma. Francqui akachukua neno hilo akaenda nalo kwa matajiri wenzake, mabanki na viwanda. Walichanga zaidi ya milioni 100 za franga, na mwaka 1928 ukazaliwa mfuko wa taifa wa utafiti wa sayansi, ule unaoitwa FNRS, naye akiwa kiongozi wake. Mwaka huo wa 1928 ndio ule ambao reli ilifika kwenye bandari yenye jina lake. Mwaka 1932 akawa gavana wa Société Générale, na mwaka huo huo, tena pamoja na Hoover, akaanzisha Fondation Francqui.

Sasa tuulize swali ambalo mtu wa Kamituga au wa Luhwinja angeliuliza. Pesa hizi za wakubwa zilitoka wapi, na nani aliketi mezani wakati wa kuzigawa? Sehemu ya pesa za misaada ilitoka kwa Wabelgiji wenyewe na kwa marafiki zao wa nje, hilo ni haki yao. Lakini utajiri wa Société Générale ulikuwa na mizizi mirefu katika shaba, almasi na reli za Kongo. Mezani hapakuwa na Mkongomani hata mmoja. Huku kwetu chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifungua milango mwaka 1954, miaka 26 baada ya FNRS. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakuzidi 30.

Mtu anaweza kusema, lakini palikuwa na FOREAMI, mfuko wa matibabu ya wenyeji, ulioundwa mwaka 1930. Ni kweli, na ulitibu watu wengi. Ulianzia Bas-Congo. Malale ilikuwa imeua watu wengi pande zote mbili za ziwa letu mwanzoni mwa miaka ya 1900, lakini aliyechagua mahali pa kuanzia hakuwa mgonjwa wa Uvira wala wa Baraka.

Simwiti Francqui mtu mbaya. Alikuwa mkarimu kwa watu wake, na ukarimu wake ulikuwa na akili. Ila ukarimu wa namna hiyo unakwenda pale macho ya mwenye mkono yanapotazama. Ndiyo sababu sheria yetu ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inastahili kusomwa na kila mwenyeji wa mahali pa mgodi: sosyete lazima itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na katika chombo kinachosimamia pesa hiyo wajumbe wa wenyeji lazima wakae pamoja na watu wa sosyete. Hiyo si zawadi ya fondasyo. Ni haki iliyoandikwa, pamoja na daftari la ahadi, lile cahier des charges, ambalo sosyete inaweka saini mbele ya jamii. Kama wajumbe wetu wanahudhuria mikutano hiyo, kama wanaelewa hesabu wanazosomewa, kila grupema ijiulize yenyewe.

Francqui aliingia serikalini mara ya mwisho mwezi wa Novemba 1934, pamoja na Theunis na Gutt, katika serikali ambayo watu waliiita ya mabanki. Safari hii hakuweza kuisimamisha franga. Mwezi wa Machi 1935 serikali ile ikaanguka, na tarehe 16 Novemba mwaka huo akafa, huko Overijse, karibu na Brussels, akiwa na miaka 72.

Fondasyo yake ingali inafanya kazi. Zawadi ya kwanza, mwaka 1933, alipewa mwanahistoria Henri Pirenne. Ya pili, mwaka 1934, alipewa padri Georges Lemaître, yule aliyeeleza kwamba ulimwengu wote unapanuka kutoka kwenye mwanzo mmoja. Mpaka leo inatolewa kwa mwanasayansi wa vyuo vikuu vya Ubelgiji ambaye hajafikisha miaka 50.