Mungo Park: Daktari aliyemezwa na Mto Niger

KWA karne nyingi, wataalamu wa Ulaya walibishana iwapo Mto Niger ulielekea mashariki au magharibi. Wenyeji waliovua samaki humo walilijua jibu tangu jadi.

Mungo Park, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Septemba 11, 1771, karibu na mji wa Selkirk, Scotland, alikata shauri kwenda kujionea. Akitumwa na chama cha wapelelezi wa Afrika kilichokuwa London, alianza safari yake mwaka 1795 kutoka Mto Gambia.

Njiani aliporwa na kuzuiliwa miezi kadhaa kabla ya kutoroka. Mnamo Julai 1796 alifika Segou, katika nchi ya Mali ya leo, akauona mto huo ukitiririka kuelekea mashariki.

Mfalme Mansong alimkataza kuvuka kuingia mjini. Usiku ulipokaribia, akiwa na njaa na bila pa kulala, mwanamke mmoja alimhurumia, akampa samaki wa kuchoma na mkeka. Mfalme naye alimpelekea kauri 5,000 za masurufu, huku akimtaka aondoke. Alipougua akirejea, mfanyabiashara wa watumwa, Karfa Taura, alimtunza kwa miezi mingi. Park alifika Uingereza Desemba 1797, na kitabu chake cha mwaka 1799 kikampa umaarufu mkubwa.

Mwaka 1805 serikali ya Uingereza ilimrudisha. Safari hii aliongoza Wazungu wapatao 40, wengi wao wanajeshi. Mvua iliwakuta njiani, na homa na ugonjwa wa kuhara vikawaua wengi. Walipong'oa nanga kutoka Sansanding mwezi Novemba, kwa mashua iliyoundwa kwa mitumbwi mikuukuu, walisalia Wazungu watano tu.

Park hakutaka tena kusimama kuomba ruhusa ya watawala. Mashua ilipita katikati ya mto, na waliokaribia walimiminiwa risasi. Mwaka 1806, kwenye maporomoko ya Bussa, Nigeria ya leo, walishambuliwa. Park alijitosa majini, akafa akiwa na umri wa miaka 34. Mwanawe, Thomas, alifariki mwaka 1827 katika nchi ya Ghana ya leo, akijaribu kutafuta habari za babake.

Mwaka 1830, ndugu wawili, Richard na John Lander, waliufuata mto huo hadi baharini.

Park alipokwenda mikono mitupu, ukarimu wa wenyeji wake ulimrudisha nyumbani. Alipokwenda na bunduki, hakubakiwa na mwenyeji wa kumwokoa.